Matanga ya Mwanamke Asiyezaliwa

Mkeka wa karibu na mlango ulikuwa umelowa, na Bukavu ilikuwa haijaona mvua kwa wiki tano.

Marcelline aliuinua kwa ncha za vidole. Maji hayakudondoka. Yalikuwa yamejificha ndani ya ukindu kama jasho linavyojificha ndani ya nguo. Aliunusa. Ulinuka mshumaa uliozimwa sasa hivi, na chini ya harufu hiyo ulinuka udongo mbichi, udongo wa shimo. Aliuanika ukutani uani, akanawa mikono, akarudi kusahihisha mitihani. Ulikuwa mwezi wa saba, mwaka wa tisini na tisa, vita vya pili vikikaribia kutimiza mwaka, na watu wa mji ule walikuwa wamejifunza kutouliza. Risasi ikilia upande wa Kadutu, ulitazama kama watoto wote wapo, ukaendelea kumenya mihogo.

Marcelline alifundisha Kifaransa katika shule ya wasichana. Mumewe, Stanislas, alikuwa daktari wa mifugo. Mwezi wa kumi uliopita aliteremka Sange, katika bonde la Ruzizi, kuchanja ng'ombe, akiwa na sanduku la chanjo lenye barafu, akasema atarudi Ijumaa. Jumapili gari lilionekana njiani, milango wazi, sanduku liko kitini, barafu imekuwa maji. Mtu hakuonekana. Maiti pia haikuonekana.

Tangu siku hiyo Marcelline hakulia. Ukoo ulipokutana kupanga matanga, alisema neno moja tu.

"Machozi njo jembe ya kuchimbia kaburi. Mimi sitamuchimbia mutu ambaye sijaona maiti yake."

Kisha kitu fulani ndani yake kikafunga mlango, na yeye mwenyewe akabaki upande wa nje. Alipika, alifundisha, alimsuka bintiye Sagesse, mtoto wa miaka tisa. Alifanya yote hayo kama mtu anayefanya kazi katika nyumba ya wengine, kwa uangalifu, bila kugusa kisichomhusu.

Kila Jumapili baada ya misa alikuja Bisimwa, mdogo wake Stanislas, na kila Jumapili maneno yalikuwa yale yale.

"Shemeji, tumulilie kaka. Mutu asipoliliwa anatembea."

"Muache atembee," Marcelline alijibu. "Labda atafika."

Sasa, habari ya mikeka ilianza hivi.

Vita vilipolipuka, Wazungu waliondoka. Mmoja wao, mwalimu wa Kibelgiji aliyeitwa Valérie, alimwachia Marcelline televisheni, mashine ya video na katoni ya kaseti. Zilikuwa tamthilia za televisheni zilizotengenezwa kutoka kwenye riwaya kubwa za kale, zile ambazo mwandishi anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba mwanamke atakufa, na kinachobaki ni kumtafutia njia. Marcelline alizitazama alasiri na Sagesse, siku umeme ulipokuwepo. Jirani yao Georgette, aliyeitwa Mama Gloire kwa jina la kifunguamimba wake, alisikia muziki wa vinanda ukutani, akaja. Naye akamwita Mama Emile. Mama Emile akaja na dada zake. Walianza saa tisa na kumaliza kabla ya saa kumi na moja na nusu, kwa kuwa hakuna aliyetaka kukutwa njiani askari wakibadilishana zamu.

Marcelline alisimama kando ya televisheni na kutafsiri, sentensi kwa sentensi. Mfasiri hana nafasi ya kulia. Hilo lilimfaa.

"Ile nyeupe inaanguka ni nini?" aliuliza mmoja. "Ni unga?"

"Ni theluji. Barafu."

"Na wanatembea ndani yake na vyatu?"

"Uone uyu nguo!" alisema Georgette. "Makoti matatu, halafu anakufa na baridi! Siye tuko na kitenge moja na tunaishi."

Kaseti waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mjane wa kinu. Mjane huyo, aliyekuwa na kinu cha kusagia ngano mtoni, anampenda afisa wa jeshi, afisa anaondoka, ndugu wa mumewe wanamnyang'anya kinu, kisha mtoto, anakwenda kumtafuta mtoto katika theluji, anafia mbele ya lango la watawa. Mwisho anazikwa. Gari la farasi linapanda kilima, padri mbele, wachimbaji wawili kando, na nyuma ya gari hakuna mtu hata mmoja. Huo ndio ulikuwa ukatili wa mwandishi: njia tupu, nyeupe, na jeneza lisilofuatwa.

Wanawake walilia. Walilia kwa kiu. Mwaka ule kila nyumba ilikuwa na mtu wake asiyeweza kuliliwa. Huyu mwanawe alikuwa katika jeshi la upande mwingine. Yule mumewe aliuawa na wale wale waliopita mlangoni pake kila asubuhi na bunduki begani. Ukilia, umesema uko upande gani. Lakini ukimlilia mjane wa kinu, askari gani atakuuliza unamlilia nani? Wakamlilia. Wakapumzika. Wakarudi kesho wakiomba kaseti ile ile.

Watu walipokuwa wengi, sebule haikutosha. Ndipo lilipofanyika kosa, na lilifanywa na mikono mingi, kwa kicheko. Walitoa viti vyote wakavipanga uani, wakatoa na meza, wakatandika mikeka ukuta kwa ukuta.

Katika mji ule, viti vikitoka nje na mikeka ikiingia ndani, hakuna haja ya kupiga mbiu. Ndani ya nyumba hiyo mna maiti. Mpita njia mmoja alivua kofia. Mwingine aliweka ndoo ya makaa langoni, kama wafanyavyo majirani wema, akaenda zake kimya.

"Tumefiwa na Muzungu!" Georgette alisema, akiingiza yale makaa, na wote wakacheka hadi kushika mbavu.

Lakini kaseti ilipoisha na jeneza likapanda kilima peke yake, hakuna aliyecheka. Georgette alipiga magoti. Alianza sala ya marehemu kwa sauti ya kweli, na wanawake ishirini wakaitikia kwa sauti ya kweli. Marcelline alibonyeza kitufe, mashine ikanyamaza. Asubuhi yake aliukuta mkeka wa mlangoni umelowa.

Siku tatu baadaye, jikoni, Georgette alimsogelea sikioni.

"Mama Sagesse, yule mukongwe anaikalaka ku mulango, ni wa ukoo yako?"

"Si ulikuja naye?"

"Mimi nilikuja na miguu yangu mbili tu."

"Basi ni wa Mama Emile."

"Nimemuuliza. Anasema ni wako."

Walichungulia. Karibu na mlango, juu ya mkeka ule, alikaa mwanamke mzee aliyejifunika kitenge cheusi hadi paji la uso. Miguu ameinyoosha, viganja vimelala mapajani. Uso haukuonekana vizuri, na si kwa sababu ya giza, kwani mlango ulikuwa wazi na jua la saa kumi lilikuwa likimwangukia.

"Muulize iko nani," alinong'ona Marcelline.

"Ku kilio banauliza mutu 'we nani'? Unataka nipate laana?"

"Hapa si ku kilio, Georgette. Ni televisheni."

Georgette alitazama viti vilivyopangwa uani. "Ah bon? Kweli?" akasema.

Hawakuuliza. Mama wa mlangoni alikuja kila siku. Hakuonekana akifika, mtu aligeuka tu akamkuta. Alikuwa wa kwanza kulia, tena kabla jambo la kuliza halijatokea, na kilio chake hakikuwa na pumzi ndani yake. Kilitiririka mfululizo, sauti moja, kama maji yanayopita chini ya daraja. Kikianza, wengine walifunguka. Walilia mpaka vifua vikawauma. Na kila alasiri, harufu ya mshumaa uliozimwa ilikaa chumbani muda mrefu baada ya wote kuondoka.

Marcelline aliona mabadiliko kabla ya wengine, kwa kuwa alikuwa ndiye pekee aliyetazama kwa macho makavu. Katika mandhari ya maziko, nyuma ya gari la farasi, mahali ambapo mwandishi na watengenezaji wa filamu walikuwa wameacha utupu, alisimama mtu. Alikuwa mdogo, mbali, amegeuza mgongo. Alijifunika kitenge.

Kaseti imechakaa, Marcelline aliwaza. Akairudisha nyuma, akaiweka katika ganda lake.

Wiki ya tatu, habari ilifika kutoka Minova. Gloire, kijana wa miaka kumi na tisa aliyekwenda huko kununua maharage, alikuwa amekufa kwa homa, na amezikwa huko huko. Mleta habari alikuwa amejiandaa kumshika mama yake asianguke. Georgette hakuanguka. Alisimama na upawa mkononi.

"Sawa," alisema. "Ahsante, papa. Utakunywa chai?"

Wakakusanyika kwake. Viti vilitoka nje, safari hii kwa haki. Wanawake walikaa mikekani, mabega yakigusana, wakasubiri kilio kianze. Hakikuanza. Walitazamana. Mama Emile alifungua kinywa, akakifunga. Mmoja alijifinya mkono kwa kucha hadi ngozi ikachubuka, akaitazama damu kama mtu anayetazama saa. Nje wanaume walikoroga makaa. Ulikuwa ukimya wa watu wanaongoja gari ambalo wanajua halitakuja.

"Mama Sagesse," Georgette alisema katikati ya ukimya huo, kwa upole, "kesho tutatazama kaseti?"

Marcelline alirudi nyumbani. Alisikia, mbali sana ndani yake, kitu kama mtu anayegonga. Hakukifungulia.

Asubuhi iliyofuata Sagesse alikuwa akipuliza jiko. Kaa jekundu lilimwangukia kiganjani. Mtoto hakulitupa. Alilitazama likimuunguza, nyama ikinuka, mpaka mama yake alipomrukia na kulipangusa.

"Sagesse! Haukusikia maumivu?"

"Nimesikia, maman."

"Na kwa nini haulii?"

Mtoto alifikiri. Alifikiri kwa bidii, kama anayetafuta jibu la hesabu.

"Imekwisha," akasema.

Marcelline alimfunga mkono kwa kitambaa safi, akamkalisha kitandani, akafunga mlango wa chumba. Kisha alikwenda sebuleni, akaweka kaseti ya mjane wa kinu, akaipeleka mbele moja kwa moja hadi maziko, akakaa sakafuni, na lile gari la farasi likaanza kupanda kilima, padri mbele, wachimbaji kando, theluji ikianguka bila sauti, na nyuma ya gari njia haikuwa tupu tena, ilikuwa imejaa, imejaa hadi kingo zake, wanawake waliovaa vitenge, miguu mitupu katika theluji, mikono vichwani, na alipousogelea uso wake karibu na kioo alimwona Georgette akijigaragaza barafuni akipiga yowe "Mutoto wangu we! Gloire we!", sauti ya Bukavu ndani ya nchi ile nyeupe ya Kifaransa, na kando yake Mama Emile na dada zake, na wote walioketi mikekani mwezi ule mzima, wakilia machozi yao ya kweli kwa watu wao wa kweli, ndani kule, ambako hakuna wa kuwashika, na mbele yao akitembea mama wa kitenge cheusi, taratibu, kama mchungaji aliyeridhika na kundi lake, na ameshika mkono wa mtoto mmoja mdogo, na mtoto huyo alikuwa ameinua kiganja chake kilichoungua akilia, "Maman! Maman! Maman!"

Marcelline alizima televisheni. Sauti ya mtoto iliendelea kidogo, kisha ikakatika.

Alijitafuta, baadaye, katika kumbukumbu ya picha ile. Yeye hakuwemo.

Eulalie alikuwa bibi wa Idjwi aliyehamia Bukavu zamani. Kwa miaka arobaini aliwaosha maiti wa parokia, na rozari yake ilikuwa imepauka kwa sabuni. Watu walimwita mwili ukilala vibaya, au mtoto akiota marehemu mara tatu. Marcelline alimwita, naye akasikiliza yote bila kushangaa, akiwa ameketi kwenye kizingiti.

"Ni jini ya kilio," alisema. "Namufahamu. Nimemukuta mara mingi, anaikala ku mulango. Ku matanga ya kweli anakunywa yake kidogo, haina mubaya. Machozi yote ikibaki ndani ya nyumba, nyumba itaoza. Halafu siku ya tatu tunavunja matanga, tunasema jina ya marehemu, anaamka, anaenda. Lakini nyinyi mulitosha viti inje, mukatandika, mukasali, na maiti haiko. Matanga yenye haina maiti haina siku ya tatu, mwanangu. Atakunywa mupaka chini."

"Basi tuivunje."

"Na jina ya nani?"

"Ya mjane wa kinu."

"Alizaliwa na nani, uyo?"

Marcelline alisita. "Na mwandishi."

"Mwandishi si tumbo," alisema Eulalie. "Jina ya mutu, mwanangu. Mutu mwenye alinyonya."

Uani, viti vilikuwa bado vimepangwa. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuvirudisha.

"Mbona mimi hakunikunywa?" Marcelline aliuliza.

"Kwa sababu yako umeifungia. Yako njo anangojea. Batu bale bengine ni maji ya kunawa tu. Yako ni bwana yako muzima muzima." Bibi alimtazama. "Ukimupa jina yake, anaenda leo. Batu batapata machozi yao. Mutoto atalia. Lakini nisikudanganye. Kama bwana yako iko muzima pahali, na unamutaja ku matanga kama maiti, njia yake itafungwa. Atatembea, atatembea, hatafika."

"Na nisipotaja?"

"Mutoto iko na miaka ngapi?"

"Tisa."

"Mwenye hana machozi hakai sana," alisema Eulalie.

Wakaitana siku ya pili, saa tisa. Wanawake walikuja wote, kwa utulivu wa kondoo, wakakaa mahali pao. Bisimwa alikuja, akasimama katikati ya sebule na kofia mkononi, macho mekundu. Yeye hakuwahi kutazama kaseti, machozi yake alikuwa nayo. Sagesse alilala mapajani mwa mama yake, mwepesi. Televisheni haikuwashwa. Eulalie aliweka bakuli la maji katikati ya sakafu, akatia majivu, akakoroga kwa kidole.

Hakuna aliyetazama mlangoni, lakini wote walijua wakati mkeka ulipopata mtu, kwa sababu harufu ya mshumaa ilipita juu ya vichwa vyao, na ile ya udongo ikafuata. Maji yalianza kusambaa polepole kutoka kwenye mkeka ule, sakafuni, kuelekea kwa Marcelline. Yalimfika kwenye vidole vya miguu. Yalikuwa na joto.

"Tumelala matanga," alisema Eulalie, "tumechoka. Tunataka kuenda kulima. Maiti ni nani?"

"Shemeji," Bisimwa alinong'ona. "Sema Stani. Sote tunajua. Mwaka karibu inaisha. Ingekuwa iko, angetuma hata mutu. Sema, mutoto apone."

"Maiti ni nani?" Eulalie aliuliza mara ya pili.

Marcelline alijaribu kumwona Stanislas amekufa. Alijaribu kwa dhati. Aliliona gari, milango wazi. Aliliona sanduku na maji yaliyokuwa barafu. Zaidi ya hapo kulikuwa na nyasi za bonde la Ruzizi, ndefu, zimeinama kama mtu amepita katikati yake muda mfupi uliopita; na hakuweza, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, kuzisimamisha nyasi zile. Alitazama chini. Mdomo wa Sagesse ulikuwa umepauka. Mlangoni, mama wa kitenge cheusi alikuwa ameanza ile sauti yake isiyo na pumzi, taratibu, akimwita, akimlegeza, na Marcelline alihisi kule ndani, nyuma ya mlango aliokuwa ameufunga, maji yakipanda, yakisukuma ubao, yakitafuta ufa, miezi tisa ya maji, na alijua kwamba ufa ukipatikana jina litatoka nayo lenyewe, bila kuulizwa, na kwamba mahali fulani kwenye njia fulani mtu mmoja aliyechoka ataendelea kutembea kuelekea Bukavu kila siku ya maisha yake bila kuisogelea hata hatua moja.

Jina la mtu aliyenyonya, bibi alisema. Hakusema la nani.

"Maiti ni nani?"

"Ni Marcelline," alisema. "Marcelline M'Mugisho. Mwalimu. Muke ya Stanislas. Tumemulilia. Imetosha."

"Shemeji!" Bisimwa alipiga kelele.

Eulalie alimtazama Marcelline kwa kitambo kirefu. Kisha, kwa kuwa neno likishatamkwa kwenye matanga halirudi kinywani, alimwaga yale maji ya majivu sakafuni.

Mama wa mlangoni alinyamaza. Alisimama, na kusimama kwake kulichukua muda, kama kitambaa kirefu kinachokunjuliwa. Alizunguka sebule kama waombolezaji wanaoaga. Alimpa kila mmoja mkono wake uliolowa. "Pole," alimwambia Georgette. "Pole," alimwambia Mama Emile. "Pole, mutoto," alimwambia Sagesse, "pole ya maman." Alimpa mkono Bisimwa, naye Bisimwa akaupokea kwa sababu mkono wa pole haukataliwi. Kwa Marcelline hakunyoosha mkono. Alimpita kama watu wanavyopita kando ya jeneza, akiinamisha kichwa kidogo. Akatoka kwenye jua.

Kisha nyumba ikapasuka. Georgette alianguka kifudifudi akiita "Gloire! Gloire we!", na Mama Emile akamshika, na wote wakalia, kila mmoja kwa jina la mtu wake, majina ambayo mwaka mzima hayakuthubutu kutamkwa, bila kujali nani anapita barabarani. Sagesse alishtuka, akatazama kiganja chake, akapiga yowe la mtoto aliyeungua. Lilikuwa yowe zuri sana. Bisimwa, akilia kama ng'ombe, alirudisha viti ndani kimoja kimoja.

Marcelline alimbembeleza mtoto. Alijua ni jambo la kufanya. Alimpapasa mgongo, juu na chini, juu na chini, akingoja moyo wake umfuate mkono wake. Aliugusa ule mlango wa ndani. Ulikuwa wazi. Nyuma yake hapakuwa na kitu, wala unyevu.

Kaseti waliichoma. Televisheni ilibaki kimya. Mwezi wa tisa shule ilifunguliwa, naye akafundisha. Wanafunzi walimwita Madame, majirani walimwita Mama Sagesse, Bisimwa alimwita shemeji na kumkwepa macho. Aliitika vizuri. Alikula chakula akiambiwa ale. Wakati mwingine mgeni aliingia, akawaamkia wote waliomo, akakaa, na baada ya muda akasema, "Pardon, sikukuona."

Mvua ya kwanza iliponyesha, alasiri, mtu alisimama langoni. Alikuwa mwembamba kama fito, ndevu zimemjaa, mguu mmoja akiuburuta. Sagesse ndiye aliyepiga kelele. Bisimwa alikimbia akateleza kwenye matope, Georgette akaruka ukuta na mikono yenye unga, na uani pakawa na vicheko na vilio visivyotofautika. Stanislas aliwasimulia kwa vipande, kila kipande kikikatwa na kukumbatiwa: risasi ya paja, mto Ruzizi usiku, watu waliomficha upande wa Burundi, kambi, homa, kisha kutembea. Kulikuwa na majuma, alisema, aliyotembea kutwa na jioni akajikuta pale pale. Halafu siku moja, mwezi wa nane, njia ilifunguka tu. Hajui kwa nini.

"Na wewe?" alisema, akiwapangua watu taratibu. "Uko wapi?"

Alikuwa pale. Alikuwa amesimama mlangoni na taulo, kwa sababu mtu aliyeloa huletewa taulo. Stanislas alimfikia akilia. Alimshika mabega.

Katika majuma yote yale hakuna aliyekuwa amegundua, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa akimwita kwa jina lake. Ni yeye tu, mumewe.

"Marcelline," alisema.

Mwanamke alimtazama kwa adabu.

"Marcelline. Ni mimi. Nimefika."

Mvua ilisikika juu ya mabati.

"Marcelline!"

Naye akageuka polepole, taulo mkononi, kumtazama nyuma yake huyo mwanamke aliyekuwa akiitwa kwa mapenzi namna ile. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu.